Bunduki ya wenzo: jina hubaki, kiwanda hubadilika

MWINDAJI wa Marekani anayeingia dukani leo kununua bunduki ya wenzo hukuta majina yale yale aliyoyajua babu yake: Winchester, Marlin na Henry. Jina halimwambii yote. Winchester ya wenzo ya leo hutengenezwa Japani. Marlin hutengenezwa na kampuni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mshindani wake. Henry ya leo ilianzishwa katika miaka ya 1990, na kinachoiunganisha na Henry ya karne ya 19 ni jina tu.

Katika soko hili, bunduki mbili zenye jina moja, umbo moja na risasi ya aina moja zinaweza kupishana bei kwa sababu ya herufi mbili zilizogongwa kwenye mtutu. Mwindaji asiyejua kuzisoma hulipa bei ya kazi nzuri akapewa kazi ya ovyo. Mfanyabiashara na mwenye akiba ndogo nao wana la kujifunza hapa: jina la biashara huuzwa mnadani kama mali nyingine, lakini ufundi uliolijenga si lazima uhame pamoja nalo.

MASHATI YALIYOZAA BUNDUKI

Wenzo ni kile chuma chenye umbo la kitanzi kilicho chini ya bunduki, ambacho pia hukinga kifyatulio. Mpigaji akikisukuma mbele na kukirudisha, ganda tupu hutoka, risasi nyingine huingia na nyundo hubaki imeinuka. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, na kitako hakiondoki begani.

Asili ya biashara hii ni ya kuvutia. Katika miaka ya 1850 Horace Smith na Daniel Wesson walikuwa na hataza ya silaha ya wenzo, lakini mradi wao haukuleta faida. Ulihamia katika kampuni ya Volcanic, ambako mmoja wa wawekezaji alikuwa Oliver Winchester, mtengenezaji wa mashati wa New Haven, Connecticut. Volcanic ilipoyumba, Winchester aliichukua. Fundi wake Benjamin Tyler Henry akapata hataza ya bunduki mpya mwaka 1860, na mwaka 1866 kampuni ikachukua jina la mwenye mashati.

Bunduki iliyoteka soko la uwindaji ilikuja baadaye. Ni Model 1894 iliyobuniwa na John Browning. Mwaka 1895 iliwekewa risasi ya .30-30 iliyotumia baruti isiyo na moshi, na hadi uzalishaji wa Marekani uliposimama mwaka 2006 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Mshindani wake mkuu, Marlin 336, aliingia sokoni mwaka 1948.

Sababu ya mauzo hayo ni mazingira. Katika misitu minene ya mashariki mwa Marekani kulungu huonekana kwa sekunde chache, mara nyingi kwa umbali usiofika mita 100. Bunduki yenye uzito wa kilo 3 hivi, mtutu wa sentimeta 51 na ubavu bapa usiokwama vichakani hufaa sana mahali hapo. Katika nyanda za wazi za magharibi, ambako mnyama husimama mita 300 au zaidi, bunduki za bolti zenye darubini zilichukua nafasi hiyo zamani.

RISASI KWANZA, JINA BAADAYE

Mnunuzi mwenye busara huanza na risasi. Bunduki nyingi za wenzo huweka risasi ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali, mshtuko unaweza kulipua fataki hiyo ndani ya bomba. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi kwa desturi huwa na ncha bapa. Ncha bapa hukata upepo vibaya, kasi hupungua mapema, na umbali wa kuua kwa uhakika hupungua pia.

Risasi ya .30-30 yenye uzito wa gramu 9.7 au 11 hutosha kwa kulungu hadi mita 150 hivi, na mikononi mwa mpigaji mzuri inaweza kufika karibu mita 180. Zaidi ya hapo hushuka haraka, na mwenye pupa hujeruhi mnyama akampoteza msituni. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Hornady ilileta risasi yenye ncha laini ya plastiki ambayo ni salama ndani ya bomba, nayo ikaongeza umbali kidogo. Hata hivyo haikuigeuza .30-30 kuwa bunduki ya nyanda za wazi.

Risasi ya .45-70, iliyoanza jeshini mwaka 1873, ni nzito mara mbili au zaidi. Hununuliwa na anayewinda dubu, au anayeishi mahali ambapo dubu wanaweza kumwinda yeye. Bei yake kwa sanduku iko juu na teke lake begani ni kubwa. Mnunuzi anayewinda kulungu tu hulipia nguvu asiyoihitaji, na akiogopa teke hataifanyia mazoezi ya kutosha. Magnum ya .44 na ya .357 ni risasi za bastola. Zikitoka kwenye mtutu mrefu huongeza kasi, na hufaa hadi mita 100 hivi, hasa kwa .44. Faida yake kwa mwenye bastola ya aina hiyo ni kwamba hununua risasi za namna moja.

Anayetaka wenzo na pia risasi yenye ncha kali alikuwa na chaguo la Savage 99, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1899 hadi miaka ya mwisho ya 1990 na sasa hupatikana iliyotumika tu. Nyingine ni Browning BLR, yenye magazini ya sanduku badala ya bomba. Hizo hufikia umbali wa bunduki za bolti.

SHERIA NAYO NI MTEJA

Jambo ambalo wafanyabiashara hawana budi kulitazama ni jinsi sheria za majimbo zilivyofungua soko jipya. Katika sehemu kadhaa za Marekani ya kati, zenye mashamba na nyumba nyingi, wawindaji wa kulungu walizuiwa kutumia bunduki za risasi ziendazo mbali. Walibaki na bunduki za marisawa. Mwaka 2014 Ohio na sehemu ya Michigan ziliruhusu bunduki zenye risasi za ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni, kwa kuwa kwa kawaida haziendi mbali sana.

Risasi kongwe za bunduki za wenzo, kama .45-70 na Magnum ya .44, nyingi zina maganda ya namna hiyo. Bidhaa iliyoonekana ya wazee ikapata wateja vijana kwa siku moja ya kupitishwa kanuni. Viwanda vya risasi viliona nafasi hiyo. Mwaka 2023 Remington ilitoa risasi ya .360 Buckhammer iliyokusudiwa hasa bunduki za wenzo, na Henry ikawa miongoni mwa waliotengeneza bunduki zake. Tahadhari ni moja: .30-30 ina ganda lililobanwa shingoni, kwa hiyo kanuni hizo hazikuijumuisha. Mnunuzi akivutwa na jina kabla ya kusoma kanuni za jimbo lake, atarudi nyumbani na bunduki asiyoweza kuipeleka msituni.

WINCHESTER: MWAKA 1964 NA MWAKA 2006

Kisa cha Winchester ni cha gharama. Kufikia miaka ya 1960 kazi nyingi ya kufua na kuchonga chuma ilikuwa ghali mno kulinganishwa na bei ya dukani. Mwaka 1964 kampuni ilibadili utengenezaji ili kupunguza gharama, na baadhi ya sehemu za ndani za Model 94 zilizokuwa za chuma kilichochongwa zikawa za bati lililogongwa. Bunduki ilifanya kazi, lakini wateja waliona tofauti na hawakusahau. Tangu hapo "kabla ya 64" limekuwa neno la soko, na bei hupanda kwa sababu yake. Kwa Model 94, namba zilizo chini ya 2,600,000 ni za kabla ya mabadiliko hayo, na mpya zilianzia 2,700,000.

Baada ya mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1979 na 1980, kampuni mama ya Olin iliuza kiwanda cha New Haven lakini ikabaki na jina, ikilikodisha kwa watengenezaji. Kiwanda ambacho wakati wa Vita Kuu ya Pili kilikuwa na wafanyakazi wapatao 19,000 kilifungwa mwaka 2006 kikiwa na watu chini ya 200. Bunduki ilirudi sokoni miaka michache baadaye, safari hii ikitengenezwa na Miroku ya Japani chini ya kundi la Herstal la Ubelgiji. Ufundi wa Miroku unasifiwa. Lakini anayenunua Winchester kwa kuamini kwamba ananunua kazi ya New Haven ajue kwamba mtutu wenyewe umeandikwa ilikotengenezwa.

MARLIN: HERUFI MBILI

Kisa cha Marlin ndicho chenye somo kubwa zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2007 Remington, ambayo mwaka huo ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Cerberus, ilitangaza kuinunua Marlin. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa kiwanda cha North Haven, Connecticut, kitafungwa, na kufikia mwaka 2011 kazi ilikuwa imehamishiwa viwanda vya Remington.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa na mantiki: kuunganisha viwanda na kupunguza gharama. Matokeo yakawa mengine. Mashine za Marlin zilikuwa kuukuu, na mengi ya namna ya kuzitumia yalikuwa mikononi mwa mafundi waliozizoea kwa miaka. Mafundi hao hawakuhama na mashine. Bunduki za kwanza kutoka viwanda vipya zilisemwa vibaya na wanunuzi: mbao zisizokaa vizuri kwenye chuma, shabaha za chuma zilizopinda, wenzo unaokwaruza. Wawindaji wakaunganisha majina ya kampuni hizo mbili na kuziita "Remlin", na hawakulitaja neno hilo kwa mapenzi. Kazi ilirekebishwa miaka iliyofuata, lakini sifa iliyoharibika mwaka mmoja hairudi kwa mwaka mmoja.

Remington iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2018, kisha tena mwaka 2020. Katika mnada wa mwaka 2020 mali zake ziligawanywa. Biashara ya risasi ilikwenda kwa Vista Outdoor kwa dola milioni 81.4. Marlin ilikwenda kwa Sturm, Ruger kwa dola zipatazo milioni 28. Kiwanda kikongwe cha Remington kilichoko Ilion, New York, kilikwenda kwa wanunuzi wengine na kufungwa mwaka 2024.

Ruger haikukimbilia kuuza. Ilihamishia kazi Mayodan, North Carolina, ikapitia upya michoro na namna ya kutengeneza, na ikachukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutoa bunduki ya kwanza, Marlin 1895 ya .45-70, Desemba 2021. Bei iliyopendekezwa ilikuwa dola 1,399. Model 336 ya .30-30 ilifuata mwaka 2023 kwa dola 1,239. Hizo si bei za bunduki ya mkulima kama zilivyokuwa zamani, lakini ziligombewa.

Kwa hiyo soko la leo lina Marlin za aina tatu. Za North Haven hutambulika kwa herufi JM ndani ya kiduara kidogo kwenye mtutu. Za Remington kwa kawaida zina namba inayoanza na MR. Za Ruger zina namba inayoanza na RM, na mtutu hutaja Mayodan. Mnunuzi achunge: MR na RM hutofautiana kwa mpangilio tu, na baadhi ya bunduki za mwanzo za kipindi cha Remington zilifungwa mitutu ya zamani yenye JM. Alama moja haitoshi, lazima zisomwe zote.

HENRY NA WENGINE

Henry Repeating Arms ilianzishwa Brooklyn, New York, na familia ya Imperato na kuuza bunduki zake za kwanza mwaka 1997, zikiwa ndogo za .22 na za bei nafuu. Ilianzia chini, ikajenga sifa ya kumhudumia mteja, kisha ikapanda hadi bunduki za kulungu. Leo makao yake yako Wisconsin. Kwa miaka mingi lalamiko lilikuwa kwamba bunduki zake kubwa zilijazwa kwa kufungua bomba mbele, hivyo mwindaji hakuweza kuongeza risasi haraka. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ilianza kuweka mlango wa kujazia ubavuni.

Rossi ya Brazili, iliyo chini ya Taurus, huhudumia mwenye kipato kidogo. Ukamilifu wa kazi yake hutofautiana, kwa hiyo ni vyema kuikagua bunduki yenyewe, si ile ya maonyesho. Smith & Wesson nayo iliingia mwaka 2024 na Model 1854 ya Magnum ya .44 kwa dola 1,279. Namba hiyo ni ya mwaka ambao waanzilishi wake walijaribu silaha ya wenzo na kushindwa kibiashara. Iliwachukua karibu miaka 170 kurudi.

KUKAGUA ILIYOTUMIKA

Bunduki nyingi za wenzo huuzwa zikiwa zimetumika, na hapo ndipo pesa hupotea au kuokolewa. Kwanza hakikisha haina risasi, kwa kufungua wenzo na kutazama chemba na bomba. Chunguza ndani ya mtutu kwa taa, na mdomo wake hasa, kwa maana bunduki nyingi za wenzo husafishwa kutokea mbele na fimbo husugua mistari ya ndani. Fungua na kufunga wenzo taratibu, usikilize kama unakwama. Inua nyundo, kisha ujaribu kama hatua yake ya kati ya usalama inashika, kwa kuwa bunduki za zamani hazina usalama mwingine.

Tazama pia mahali ganda linapotokea. Winchester za zamani hutupa ganda juu, kwa hiyo darubini haikai sawasawa, mpaka mwaka 1982 kampuni ilipobadili ili ganda litupwe kwa pembeni. Marlin hulitupa ubavuni, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoipa wateja wenye macho yanayozeeka. Mashimo ya skrubu ya darubini yaliyotobolewa baadaye kwenye bunduki kongwe hupunguza bei. Kung'arisha chuma upya hupunguza zaidi: bunduki inapendeza machoni, lakini mkusanyaji huihesabu kuwa imeharibiwa.

BUNDUKI KAMA AKIBA

Wapo wanaonunua kwa ajili ya kuweka. Za kabla ya 64 na za JM zimepanda, lakini mwenye akiba ndogo asichanganye mambo. Winchester 94 ziko kwa mamilioni, na iliyochakaa ni bunduki ya kuwindia tu hata ikiwa ya mwaka 1950. Bei kubwa hufuata hali ya awali, namba za mwanzo na aina adimu. Bunduki haitoi gawio, hutaka mahali salama pa kufungia, na kuiuza hufuata sheria za kila jimbo. Aidha, kiwanda kikifufuka na kutoa bidhaa nzuri, kama ilivyofanya Ruger, sababu moja ya kulipia ya zamani hupungua.

Kwa wanaotazama hisa, Ruger iko katika Soko la Hisa la New York na Smith & Wesson iko Nasdaq. Olin, yenye risasi na jina la Winchester, iko New York pia, lakini ni kampuni ya kemikali kabla ya kuwa ya risasi. Henry ni mali ya watu binafsi na haina hisa sokoni. Mahitaji ya silaha Marekani hupanda na kushuka kwa siasa na hofu. Mwaka 2020 ukaguzi wa wanunuzi uliofanywa kupitia mfumo wa FBI ulifika milioni 39.7, kisha ukashuka. Si kila ukaguzi ni bunduki iliyouzwa, lakini mwelekeo ulionekana hata kwenye rafu za risasi, ambako .30-30 ilikuwa adimu. Kila bunduki na risasi mpya hubeba pia kodi ya serikali kuu ya asilimia 11, ambayo kwa sheria ya mwaka 1937 hurudi kwenye hifadhi ya wanyamapori.

AFRIKA MASHARIKI

Bunduki hizi zilifika hata huku. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kuacha urais, alikuwa na Winchester Model 1895 ya .405, bunduki ya wenzo yenye magazini ya sanduku, ambayo aliitumia kwa simba. Hazikupata soko la kudumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania, inayoendelea na uwindaji wa kitalii kwa vibali, hutaka risasi isiyopungua .375 kwa wanyama wakubwa wa hatari, na .30-30 haifiki hapo. Bidhaa iliyozaliwa kwa ajili ya kulungu wa msituni ina mipaka yake, na soko huiheshimu mipaka hiyo.

Kwa mnunuzi wa Marekani, basi, mpangilio ni huu: eneo la kuwinda na kanuni zake, kisha risasi inayofaa hapo, kisha kiwanda na miaka ya kutengenezwa, na mwisho bei. Anayeanzia na jina hulipia hatua zote nne na kupata moja. Kwa mwekezaji, dola milioni 28 alizotoa Ruger zilinunua jina, mashine na michoro. Zaidi ya mwaka mmoja wa kazi bila kuuza bunduki hata moja ndio ulionunua imani ya mteja, na gharama hiyo haikuandikwa katika hati ya mnada.